Barabara Kuu Kati ya Maegesho Mawili

Bango ni la kijani, pana, kama mabango mengine ya barabara kuu za Marekani. Lina majina manne na umbali kwa maili: Columbus 420, St. Louis 845, Denver 1700, Cove Fort 2200. Hiyo Cove Fort wala si mji. Ni ngome ya zamani ya Wamormoni huko Utah, jirani na pale I-70, barabara kuu yenye bango hili, inapoikuta barabara kuu nyingine, I-15, na kuishia. Maili 2,200 ni zaidi ya kilomita 3,500: toka Dar nenda Mwanza, rudi Dar, kisha nenda Mwanza tena.

Nililiona Jumapili moja asubuhi, magharibi mwa Baltimore, nikitoka kumshusha rafiki yangu aliyekuwa na miadi ya kutembea msituni na wenzake. Kabla ya hapo tulikuwa tunaelekea mashariki, kuingia mjini. Tulishaipita I-695, ile barabara inayouzunguka mji, na mbele yetu njia ilikuwa pana, kingo pana, kila dalili ya barabara inayokwenda mahali pakubwa. Halafu ikapinda kidogo, ikapungua, ikatumwaga kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mbele ni miti. Mama mmoja anamshusha mbwa wake garini. Kuna kibao cha njia ya waenda kwa miguu.

Basi.

Barabara inayovuka majimbo 10 inaanzia kwenye maegesho ya bure. Au inaishia hapo, kutegemea umeelekea wapi. (Kwenye makaratasi, tangu 2014 kipande hiki cha ndani ya I-695 hakiitwi tena I-70, kimepewa namba ya jimbo, 570. Lami yenyewe haijabadilika.)

"Walitaka kuipitisha humo msituni, watu wakakataa," rafiki yangu alisema huku anafunga kamba za viatu, na kabla sijauliza la pili alishatokomea na wenzake. Nikabaki na swali ambalo lilinifuata kazini, jikoni, hadi kitandani. Ilikuwa iende wapi hasa? Historia ya maneno niliipata kwa dakika tano, na haikunitosha. Nilitaka kuona ardhi ilivyokuwa kabla, na pale walipoacha.

## Picha zilizopigwa kwa ajili ya mahindi

Kwa kuanzia kuna Google Earth na ile saa yake ya kurudisha miaka nyuma. Kwa Maryland inakufikisha kwenye picha nyeusi na nyeupe za miaka ya 1990, na hapo inakuacha. Makutano mengi makubwa ya nchi hii yalijengwa kuanzia 1956, mwaka ambao Rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu za taifa, hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo ukitaka kuona ubishi wa wahandisi ukiwa bado mbichi, lazima urudi nyuma zaidi ya hapo.

Huko nyuma utakutana na mahindi.

Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilianza kuwalipa wakulima wapunguze ekari wanazolima, ili bei za mazao zisiporomoke. Nani atahakikisha mkulima amepunguza kweli? Ndege zikatumwa kupiga picha mashamba, kaunti baada ya kaunti, mara nyingi kwa kipimo cha 1:20,000, yaani sentimita moja kwenye picha ni mita 200 ardhini. Zoezi likarudiwa mwaka hadi mwaka. Filamu za zamani zaidi ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na picha nyingi za baadaye unaweza kuzipakua bure kwenye tovuti ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS.

Aliyezipiga hakuwa na habari na makutano ya barabara. Ndiyo maana mara nyingi unakuta kile unachokitafuta kimekatwa katikati na ukingo wa picha, nusu ya daraja huku, nusu kwenye picha inayofuata, huku shamba la jirani liko katikati kabisa, limetulia, kila mstari wa mazao unaonekana. Unajifunza kuazima macho ya mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine. Nilikuja kuipenda hali hiyo. Picha za idara za barabara zimepigwa ili kuonyesha barabara, na barabara humo huwa inapendeza wakati wote. Mkaguzi wa mahindi hana cha kumsifia mhandisi.

## Kivuli kije kwako

Mjomba wangu alikuwa mpima ardhi wa serikali, sasa amestaafu yuko Dodoma. Nilimtumia picha mbili za WhatsApp, nikamwandikia: "Shikamoo mjomba, hebu niambie hapa unaona nini."

Alijibu usiku kwa sauti, dakika nzima na ushee. Marahaba, kwanza. Pili, hizo picha nimezitazama kinyume.

Alinieleza kitu ambacho kila aliyesomea kazi hiyo anakijua na sisi wengine hatuna habari nacho. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Picha ya anga ikikaa mbele yako na vivuli vikiangukia mbali na wewe, ubongo unadanganyika: tuta linaonekana shimo, shimo linaonekana tuta. "Igeuze mpaka kivuli kije kwako," alisema. Nikaigeuza. Kile nilichodhani ni mtaro kikainuka kikawa tuta la barabara. Nilicheka peke yangu saa sita za usiku.

Yeye alijifunza kazi kwa picha za wakati wa mkoloni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipita juu ya Afrika Mashariki zikipiga picha, na Kurugenzi ya Upimaji ya Makoloni, iliyoundwa 1946, ikazitumia kuchora ramani. Rubani anaruka kwa mistari, na kila picha inarudia takribani asilimia 60 ya iliyotangulia. Marudio hayo yana kazi yake. Kila kipande cha ardhi kimeonekana kutoka pembe mbili, na ukiziweka picha hizo mbili chini ya stereoskopu, jicho hili likitazama moja na jicho lile nyingine, ardhi inasimama. Vilima vinatoka kwenye karatasi. Madaraja nayo yanatoka.

Kwa anayefuatilia makutano ya barabara, hii ni nusu ya kazi. Kwenye picha moja, barabara mbili zikikatana huwezi kusema kwa uhakika ipi iko juu. Kwenye jozi, huhitaji kuuliza.

Sikuwa na stereoskopu. Mjomba akanifundisha kuchapisha picha mbili ndogo, kuziweka sambamba, kusimamisha kadi katikati ya pua na karatasi, na kutazama kana kwamba unatazama kitu cha mbali. Macho yanauma. Halafu ghafla, inasimama.

## Pale Wamarekani walipoendesha kama sisi

Nilianzia I-70, lakini aliyenikamata ni jirani yake.

Kaskazini mashariki mwa Baltimore, I-95 inakutana na hiyo I-695. Ukipita leo ni makutano makubwa ya kawaida, njia za kupanda na kushuka, mabango, foleni. Nilikuwa narudisha miaka nyuma kwenye Google Earth bila shabaha maalumu, na nilipofika katikati ya miaka ya 2000, umbo likabadilika. Barabara zote mbili, kila moja na pande zake mbili za kwenda na kurudi, zilikuwa zimesukwa kama ukili. Upande wa kwenda ulipita juu ya upande wa kurudi, vikabadilishana nafasi, vikaikata barabara nyingine, kisha vikarudi kila kimoja mahali pake.

Nilidhani ni kasoro ya picha, mahali kompyuta ilipounga vipande vibaya. Nikaenda mwaka mwingine. Ni vilevile.

Kuelewa kwa nini mtu afanye hivyo, kumbuka kwamba Marekani wanaendesha kulia. Kwao kona rahisi ni ya kulia, kona ngumu ni ya kushoto, kwa sababu lazima ukate mbele ya wanaokuja. Kwetu ni kinyume chake. Historia nzima ya makutano ya barabara kuu zao ni historia ya kuitafutia dawa kona ya kushoto.

Dawa ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa ya vitanzi vinne. Mhandisi wa Maryland hiihii, Arthur Hale, alipewa hataza ya muundo huo 1916, na wa kwanza kujengwa Marekani ulifunguliwa 1929 huko Woodbridge, New Jersey. Unataka kwenda kushoto? Pita daraja kwanza, kisha chepuka kulia na uzunguke robo tatu ya duara mpaka uelekee unakotaka. Hakuna anayemkata mwenzake. Isipokuwa anamkata: anayetoka kwenye kitanzi kimoja anaingia barabarani palepale ambapo anayetaka kitanzi kinachofuata anatoka, na wote wawili wana mita chache za kupishana. Magari yalipokuwa machache na ya polepole haikuwa na neno. Yalipoongezeka, pakawa mahali pa kugongana.

Los Angeles walijibu kwa kwenda juu, ngazi nne za barabara zikipandana, na makutano yale yakafunguliwa yote 1953. Ni ghali, na ni marefu kama jengo.

Baltimore walijibu kwa kuhama upande.

Fuata gari moja nami. Linakuja upande wa kulia, kama sheria inavyotaka. Kabla ya kufika kati, linapita juu au chini ya wale wanaokuja, na sasa liko upande wa kushoto. Wanaokuja wako kuliani kwake. Hapo ndipo kona ya kushoto inakuwa rahisi kama inavyokuwa rahisi kwetu Mwenge: unachepuka tu kushoto, hakuna mtu wa kumkata, unaungana na barabara ya pili ambayo nayo imehama upande. Hakuna vitanzi. Hakuna ngazi nne. Madaraja ya kawaida, moja juu ya jingine, basi. Na wanaotaka kwenda kulia walishatoka mapema kabla ya kuhama.

Kwa miaka mingi, kila siku, Wamarekani waliingia pale kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, wakaendesha kushoto kama Watanzania na Wakenya kwa sekunde kadhaa, wakatoka, na wengi wao bila kujua kilichowatokea.

Nilimtumia mjomba. Jibu lake: "Walituiga, ila walijificha kwenye madaraja wasionekane."

Nilikuwa nimeshaupenda muundo ule kupita kiasi, na hapo wasiwasi ukaanza. Kama ni mzuri hivi, kwa nini waliuvunja? Uliondolewa katika mradi wa njia za kulipia za I-95, zilizofunguliwa Desemba 2014, na mahali pake pakawekwa kitu cha kawaida kabisa.

Jibu halionekani kutoka juu. Linaonekana ukiwa nyuma ya usukani. Marekani njia ya kushoto ndiyo ya wenye haraka. Muundo ule uliwatoa na kuwaingiza watu kwa upande wa kushoto, maana yake lori lililobeba shehena lililazimika kuhamia njia ya wenye haraka ili litoke, na lile linaloingia lilitua moja kwa moja mbele ya mtu anayekimbia. Halafu ukitaka kuongeza njia moja, huwezi kugusa daraja moja ukaacha jingine, kwa kuwa kila uzi umepita chini ya mwenzake. Mchoro ulikuwa na akili sana, na ulimdai dereva akili hiyohiyo bila kumpa muda wa kufikiri.

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2009 mji wa Springfield, Missouri, ulifungua makutano madogo ambapo magari yanahamia kushoto na kurudi, lakini kwa mwendo mdogo na kwa taa. Sasa yako katika majimbo mengi. Mimi naona hapo ndipo mahali pake.

## Kovu na kisiki

Nikarudi I-70.

Mpango ulikuwa iingie mjini, ipite kwenye bustani za Leakin na Gwynns Falls, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya ekari 1,000 za msitu, kisha ishuke kuungana na I-95 kusini magharibi mwa mji. Tawi lake, lililopewa namba I-170, lingeelekea katikati ya mji. Kwenye I-95 walishajiandaa. Hadi leo kuna vipande vya njia za kupandia vinavyoanza kwa upana wote, vinatoka nje, vinakatika. Ukipita kwa gari unaviona sekunde moja, kipande cha zege kinachotazama hewa.

Kutoka juu nimejifunza kutofautisha vitu viwili vinavyofanana. Kuna njia iliyojengwa ikaondolewa, na kuna njia iliyoandaliwa isijengwe. Iliyoondolewa inaacha kovu: mstari wa miti ya umri mmoja uliopinda kwa mpindo laini ambao maumbile hayaufanyi, uzio wa mtu unaofuata mpindo uleule, rangi ya majani isiyofanana na ya jirani. Iliyoandaliwa ni kisiki. Mbele yake hakuna kovu lolote, udongo haujawahi kuguswa. Ukiona daraja pana mno kwa njia zilizochorwa juu yake, au barabara mbili za kwenda na kurudi zinazoachana bila sababu kisha zikarudiana, ujue mtu aliacha nafasi kwa ajili ya mgeni ambaye hakufika.

Baltimore ina visiki vingi. I-83 inashuka kutoka kaskazini na kufia katikati ya mji. Nayo ilikuwa iende hadi I-95, ikipita Fells Point, mtaa wa zamani wa bandarini.

Jioni moja nilichukua ile rula ya kwenye Google Earth nikaweka ncha moja mwisho wa I-70, kwenye maegesho yale ya mama mwenye mbwa. Ncha ya pili nikaitafutia mahali ambapo tawi la I-170 lilianzia upande wa magharibi. Tawi hilo lilijengwa, kipande cha maili 1.4 hivi, likafunguliwa 1979 bila kuungana na barabara kuu yoyote. Watu wa mji wanaliita barabara ya kwenda kusikojulikana. Mwisho wake wa magharibi ulikuwa na kuta za zege na njia zilizokatika. Mwaka 2010 mwisho huo ulibomolewa, na mahali pake pakapanuliwa maegesho ya stesheni ya treni ya West Baltimore.

Maegesho huku. Maegesho kule. Katikati msitu, kijito, na mitaa.

Hapo ndipo nilipoacha kushangaa barabara, nikaanza kushangaa pengo.

## Msitu ulikuwa na kifungu cha sheria

Kwa nini pengo liko hapo na si kwingine?

Nilikuwa nategemea jibu la kihandisi: mteremko mkali, mwamba, gharama za daraja. Kwenye jozi za picha bonde linasimama vizuri na ni kweli lina kina. Lakini wahandisi waliovuka milima ya Colorado kwa barabara hiihii wasingeshindwa na kijito cha Baltimore.

Jibu ni sheria ya 1966, ile iliyounda Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Ina kifungu kinachokataza barabara ya fedha za serikali kuu kupita kwenye bustani ya umma, hifadhi ya wanyama au mahali pa kihistoria, ila pakikosekana njia nyingine inayofaa. Waliokuwa wanautetea msitu wa Leakin walikwenda mahakamani. Fells Point iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria 1969, na miongoni mwa waliopiga kelele kwa ajili yake alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeitwa Barbara Mikulski, ambaye baadaye akawa seneta. Miaka ya mwanzo ya 1980 mipango ya I-70 ndani ya mji ilikwisha.

Tazama sasa kipande kile kilichojengwa. Kiko kati ya mitaa ya Franklin na Mulberry. Hakikuwa bustani. Hakikuwa kwenye orodha ya historia ya mtu yeyote. Zilikuwa nyumba za watu, wengi wao Weusi, kwenye ukanda ambao tangu 1944 Robert Moses, mpangaji maarufu wa barabara wa New York, alikuwa ameupitishia mstari. Aliandika kwamba katika vyote vitakavyoondolewa, Baltimore haitapoteza chochote. Nyumba 971 ziliondolewa, na biashara 62, na shule moja.

Wakazi hawakukaa kimya. Walikuwa na umoja wao, Relocation Action Movement, na dai lao lilikuwa la kawaida kabisa: bei ya soko ya nyumba iliyokwisha kutangazwa kwamba itabomolewa haiwezi kumnunulia mtu nyumba nyingine. Walipigania fidia. Wenzao wa msituni walipigania barabara isipite kabisa, na walikuwa na kifungu cha kushika mkononi.

Sasa rudi kwenye picha, utaona kwa nini nilikosa usingizi.

Nyumba za Baltimore zimeshikana, ukuta mmoja kwa majirani wawili, paa bapa. Kutoka juu mtaa mzima ni paa moja refu. Nilijaribu kuhesabu nyumba za kipande kimoja kabla ya kubomolewa, nikashindwa kwa mbele. Mjomba akasema nitazame nyuma: uani kila mtu ana uzio wake, na vivuli vya uzio vinahesabika. Ni kweli. Mbele, ambako wenyewe waliweka ngazi zao na kukaa jioni, hakuna kinachoonekana. Unaijua familia kwa kivuli cha uzio wa uani.

Na nilikuwa nimetumia majuma yote yale nikifurahia. Sitaki kujifanya sikufurahia. Makutano ya barabara kutoka juu yana uzuri ambao mtu aliyeyachora aliukusudia uonekane kutoka juu, kwa sababu na yeye aliuona kutoka huko, mezani, kwenye picha za anga na karatasi za ramani. Paa moja refu ndilo alilokuwa nalo mbele yake. Mstari wa kalamu juu ya paa moja refu haumtishi mtu.

## X haionekani kutoka juu

Kila Mtanzania anayesoma hapa alishafika Kimara kabla yangu.

Mwaka 2017 nyumba za kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Kwenye Google Earth unahitaji kubofya mara moja tu. Picha ya kwanza mabati yanang'aa kila upande. Ya pili kuna ukanda wa udongo mwekundu. Ya baadaye kuna lami pana, na ni barabara nzuri kwelikweli, siikatai, nimeipita na nimeifurahia. Mashariki yake kuna intachenji ya Ubungo, iliyozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Kijazi, ngazi tatu badala ya yale mataa tuliyozeekea. Wa Nairobi wanaweza kufanya vivyo hivyo na makutano ya Pangani au Globe, barabara ya Thika: tafuteni picha ya kabla ya 2009, kisha ya baada ya 2012.

Kitu kimoja sikukipata kwenye picha yoyote ya Kimara, na haiwezekani kukipata. Ile X nyekundu. Hupakwa ukutani, na kamera ya angani inaona paa. Kuna miezi, kwa nyumba nyingine hata miaka, ambapo mtu aliishi ndani ya nyumba yenye X, watoto wakaenda shule, fundi akaitwa kuziba bati au hakuitwa kwa sababu ya kuziba nini, na kwa miezi yote hiyo picha ya juu inaonyesha nyumba ya kawaida. Picha mbili zinazofuatana zinasema ilikuwepo, haipo. Muda wote wa kungoja umekwenda kati ya mbofyo na mbofyo.

Wengi wa Kimara waliambiwa wamejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Mjomba ana maneno makali juu ya jambo hilo, kwa pande zote mbili, na amenikataza kuyaandika. Ninachoweza kuandika ni kwamba kwenye picha za zamani mpaka wa hifadhi hauonekani. Hauna kivuli. Ni mstari wa sheria, kama kile kifungu cha 1966, na katika miji yote miwili mstari usioonekana ndio ulioamua nani atabaki.

Baltimore bado wanabishana wafanye nini na kile kipande cha I-170 kilichojengwa, handaki lao la zege. Mpango wa reli ya mjini, Red Line, ulikuwa upite humo; gavana mmoja akaufuta 2015, mwingine akaufufua 2023. Mimi ningeanza kulifukia kutoka magharibi, pale ambapo kuta zimeshaondoka, na kurudisha mitaa ya kukatiza mmoja mmoja, hata kama reli itachelewa. Si mhandisi, ni maoni tu.

Mjomba yeye ameshahama mada. Anataka Ubungo ya zamani, kabla ya kituo cha mabasi, ile anayoikumbuka ina minazi. Nimepata picha moja. Moja haisimami, inahitaji mwenzake, ile iliyopigwa sekunde chache baadaye kwenye mstari uleule wa ndege. Kama kuna msomaji aliyewahi kufanya kazi ya ramani na ana nakala ya picha za ukanda ule chini ya kitanda, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, naomba aniandikie. Mzee anauliza kila Jumamosi.